Kupokea Lindo la Baba

Kazi yangu ni kufundisha vita vya Wazungu. Nikipita sokoni Koboko nawasikia kabisa wakinong'onezana, "Yule mwalimu ya vita ya Wazungu," na mimi nageuka nawasalimia kwa sauti kubwa ili wajue nimesikia. Nafundisha historia ya Ulaya, kidato cha tano na cha sita, na mada ninayoishikilia kuliko zote ni ile ya jinsi vita vilivyoitengeneza jamii ya kule, karne baada ya karne. Wanafunzi wanataka majenerali na mizinga. Mimi nawapa kodi, kuta, makarani na wauguzi. Wananuna. Wanune tu, mtihani hauulizi mzinga ulilia namna gani.

Mwaka juzi vita hivyo vilinifuata mpaka nyumbani, na vilipitia kwenye mguu wa baba yangu.

Baba alikuwa sajini, zamani, kabla mimi sijajua kutembea. Boma letu liko nje kidogo ya mji, njia ya kwenda mpakani mwa Kongo, na mimi nilirudi kuishi hapo baada ya mume wangu kufariki. Ndugu zangu wa kiume ni wawili. Mkubwa anauza vipuri vya pikipiki Arua, mdogo yuko Kampala na simu yake kila siku iko bize. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mzee, na tuliishi kama watu wa kambi, kwa sababu nyumba nyingi za Koboko ni za askari na hazijui namna nyingine ya kuishi. Viatu vinapangwa mstari mmoja mlangoni. Uwanja unafagiwa kwa mistari iliyonyooka. Kikakwa, lugha ya kwetu, tunakitumia kuulizana kama tumelala vizuri, Kiswahili tunakitumia kuamrishana. Mimi Kiswahili cha vitabu nilikiongeza chuoni, ndiyo maana naandika hivi, lakini Baba nitamwacha aseme chake.

Alikanyaga msumari wa bati la zamani. Mtu mwingine angepaka dawa na kusahau, ila Baba ana ugonjwa wa sukari, na badala ya kusema alivaa soksi, akanyamaza. Harufu ndiyo iliyomshtaki. Nilipomvua ile soksi kwa nguvu, huku akinitukana, vidole viwili vilikuwa vimekuwa vyeusi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Tulimpeleka Kuluva, hospitali ya wamisheni kule chini ya Arua. Daktari aliongea naye kwa heshima, macho kwa macho. Alimwambia mguu utakatwa chini ya goti, na ukatwe mapema, kwa maana sumu ikipanda mwilini hakuna atakachoweza kufanya tena. Baba alimshukuru, akaomba ruhusa ya kutoka nje kuswali, na sisi tulipomfuata tulimkuta amekaa kwenye gari, mlango umefungwa.

"Rudisha mimi nyumbani," akasema. "Jua iko karibu kuanguka. Nani atashika lindo?"

Hapo lazima nieleze lindo. Kila jioni, akishaswali Maghrib, Baba alikuwa anabeba kiti chake cha kukunja hadi langoni, na rungu, na tochi, anakaa hapo mpaka alfajiri. Mvua ikinyesha anavaa koti la mpira. Alianza tuliporudi kutoka uhamishoni Kongo, nami nilikuwa mtoto mdogo, na hakuacha hata siku mama yetu alipozikwa. Sisi tulikua na jambo hilo kama watoto wengine wanavyokua na baba anayekoroma. Hakuna aliyeuliza analinda nini. Tulikuwa na mbuzi, kuku, mbwa, na redio.

Basi kila tulipomwambia habari ya mguu, jibu lilikuwa lile lile, nani atashika lindo, na sisi tukasikia kisingizio. Mzee anaogopa kisu, tukasema. Shehe alikuja kumweleza kwamba kujitibu ni jambo la dini. Baba akamkaribisha chai. Mdogo wangu alilia kwenye simu kutoka Kampala. Baba akamwambia asilie, muda wa hewani ni pesa. Vidole vyeusi vikawa vitatu. Mimi nilikasirika jamani, nilikasirika kiasi cha kuvunja sahani nikiziosha. Nikajiapia jikoni, mikono ina povu: huyu mzee hafi kwa ajili ya mguu, apende asipende.

Kaka yangu wa Arua ndiye aliyejaribu kulijibu lile swali lenyewe. Alikodi mlinzi wa kampuni, kijana mwenye sare ya buluu na kofia, akampandisha boda mpaka kwetu. Kijana akafika saa kumi na moja na nusu, akasema habari za jioni, akakaa kwenye kiti cha Baba. Akakaa! Baba alimzunguka polepole akichechemea, akamtazama vifungo, akamtazama viatu.

"Wewe iko mutu ya boma gani?"

"Natoka Adumi, upande wa Arua, mzee. Kampuni imenituma."

"Moto ikiwaka hapa, wewe nakimbia wapi?"

Kijana akafikiri, akajibu kwa ukweli wake, "Napiga simu ofisini."

Baba alimpa ndizi za njiani na kumrudisha na boda ile ile. Kaka akanipigia simu akifoka kwamba yeye amefanya sehemu yake, kama mzee anataka kufa basi, na mimi nikamfokea zaidi, mpaka salio likatuamua.

Nikabaki na kazi moja ninayoiweza. Kila jioni nilipoosha kile kidonda kwa maji ya chumvi nilimsimulia somo la siku hiyo. Baba alipenda vita vya Wazungu, ila hakupenda majenerali, na hapo alinifurahisha. Alipenda kujua askari alikula nini. Nilimwambia jinsi wafalme wa kule walivyotaka mizinga, na mizinga ikataka pesa, na pesa ikataka watu wahesabiwe kijiji kwa kijiji, hivyo serikali ikaota makarani na ofisi ambazo hazikuwapo. "Kumbe karani ni mutoto ya muzinga," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nilimwambia kuhusu waliokatwa miguu vitani, jinsi mwanzo walivyokuwa wakiomba chakula milangoni mwa makanisa, hadi watu wakaona aibu, wafalme wakawajengea nyumba za kukaa, na baadaye wakatokea mafundi wa miguu ya mbao, na wauguzi waliosomea kazi, na madaktari waliojua kukata mtu na mtu akapona.

"Maarifa ya yule daktari wa Kuluva yametoka kwenye vita hivyo hivyo, Baba. Waliyalipia kwa askari wengi. Wewe unayakataa ya bure?"

Aliuinamia mguu wake, akautazama. Nikadhani nimeshinda.

"Hao walikatwa miguu," akasema, "nani alipokea lindo yao kwanza?"

Nilimwaga yale maji uwanjani kwa hasira na kwenda kupika.

Wiki iliyofuata tulifika kwenye kuta. Nawafundisha hivi: katika miji ya kale ya Ulaya, mji ulikuwa na ukuta, na lango lilifungwa jua likizama. Sasa nani alikaa juu ya ukuta? Mwanzo wake ni wenyewe, wenye nyumba, fundi viatu na mwoka mikate, kila mmoja na zamu yake na silaha yake aliyoinunua. Ukitaka kuitwa mtu wa mji, ulinde ukuta wa mji. Katika zamu zile watu walijifunza kukaa pamoja, kuchagua viongozi, kumkatalia bwana mkubwa anapozidi. Halafu nawafundisha upande wa pili, wafalme waliokodi askari wa mshahara, na mshahara ukichelewa wale wale waliokodiwa wakaupora mji walioletwa kuulinda. Hapo nilimkumbuka kijana wa sare ya buluu, maskini, ambaye hakupora hata yai, nikatabasamu peke yangu.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, mbishi kama mimi nilivyokuwa, akanyoosha mkono. "Madam, na wanawake?"

Nikamjibu ninachokijua. Mjane akiwa na nyumba, zamu ya nyumba haikufutwa kwa sababu mume amekufa. Ilibaki palepale. Wengi walituma mwanaume badala yao, mtoto wa kiume, au ndugu, au mtu wa kukodi.

"Na kama hana wa kutuma?"

Chaki ilikuwa mkononi na darasa zima lilikuwa linanitazama, na mimi nilikuwa namwona Baba anamzunguka yule kijana akimtazama vifungo. Askari hatoki kwenye lindo mpaka mwenzake afike, asimame mbele yake, aseme nimekuja kukupokea. Kila mtoto wa Koboko anajua hilo, tulikuwa tunalicheza kwa vijiti. Baba hakuwa anaogopa kisu hata kidogo. Alikuwa anangoja zamu yake ipokelewe na mtu wa boma, na wanawe wa kiume wako mbali, na sisi wote tulikuwa tunamletea shehe na daktari na machozi ya simu. Mtu wa boma alikuwa jikoni kwake, anavunja sahani.

"Kama hana wa kutuma," nikamwambia yule msichana, "anakwenda mwenyewe." Nikawapa zoezi, nikatoka nje kupumua.

Jioni ile nilivaa viatu vya mvua na sweta. Baba alipokwisha kuketi nilikwenda nikasimama mbele yake, miguu pamoja.

"Nimekuja kupokea lindo."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Enda jikoni."

"Nimekuja kupokea lindo, afande."

"Wewe iko mwanamuke. Enda jikoni, mutu ya vita ya Wazungu!"

Sikwenda. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi na mbu wakanila, naye akageuza kiti akanipa mgongo. Kesho yake nikaenda tena, tukatukanana kwa adabu, nikasimama tena. Nilimwambia, akiwa bado amenipa mgongo, kwamba kule Ulaya katika vile vita vikubwa viwili wanaume walipokwisha kwenda, wanawake ndio waliojaza risasi viwandani na kuendesha magari ya wagonjwa, na vita vilipokwisha wakaambiwa rudini jikoni. Wengi walirudi. Lakini hakuna tena aliyeweza kusema hawawezi, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa imewaona. "Wewe hujaniona hata mara moja," nikasema. "Umeangalia njia miaka yote hii ukiwangoja wale wawili. Mimi niko nyuma yako, Baba. Hawaji. Niko mimi."

Baba akakigeuza kiti, taratibu, kwa sababu ya mguu, akanimulika na tochi kutoka kichwani kwenda chini. Mwanga ukaishia miguuni.

"Viatu chafu," akasema.

Wallahi sijawahi kufurahia kuambiwa mchafu kama siku hiyo. Jioni iliyofuata nilikuwa nimevua raba za mvua na kuvaa viatu vyangu vyeusi vya shule, nimevipiga rangi mpaka vinang'aa. Maghrib ilipokwisha nilisimama mbele yake. Baba alijiinua. Alikataa mkono wangu. Alisimama kwa mguu mmoja mzima na mmoja uliooza, uso umejaa jasho, akanyooka kuliko nilivyomwona kunyooka tangu niwe mtu mzima.

"Nimekuja kupokea lindo, afande."

"Sikia amri ya lindo." Akaanza kunipa, moja moja, kwa Kiswahili chake cha kambi. Upande wa shamba la mtama, angalia juu ya mtama, hapana chini, mutu nainama lakini mtama natikisika. Upande wa njia, mutu akikuja simamisha yeye, uliza. Mbwa akilia mara moja, acha. Akilia akanyamaza ghafla, simama. Kaburi ya mama yako, hapana acha ng'ombe ya watu kulala juu yake. Nilirudia kila amri baada yake, kama inavyotakiwa. Halafu akasita, akalamba midomo.

"Na kama moto nakuja," akasema, "toa mama yangu kwanza."

Bibi yangu, mama yake, alikufa kabla sijapata akili ya kukumbuka sura yake. Ninachojua ni kile ambacho shangazi alinong'ona mara moja tu: wakati serikali ya askari wa kwetu ilipoanguka na familia zao zikaanza kuchomewa nyumba, Baba alikuwa Arua, analinda stoo ya jeshi, na hakuna aliyekuja kumpokea, naye hakuondoka. Alipofika nyumbani palikuwa na majivu. Mzee wangu huyu, ambaye nilimwona mkaidi maisha yangu yote. Lakini amri lazima irudiwe.

"Moto ukija," nikasema, "namtoa mama yako kwanza."

Akanipa rungu. Akanipa tochi. Kisha akaegemea bega langu kwa uzito wake wote, akasema apigiwe simu yule mwenye vipuri, alete gari.

Kaka alikuja asubuhi, akamchukua, na mimi sikwenda. Kaka hakuamini. "Baba anakatwa mguu, wewe unabaki kulinda kuku?" Nikamwambia ndiyo, nabaki kulinda kuku, endesha polepole. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Siku ya upasuaji nilifundisha darasa langu kama kawaida, nikarudi, nikapiga viatu rangi, na jua lilipozama nilikuwa kwenye kile kiti nimekumbatia rungu na simu kwa pamoja, nasoma dua zote ninazozijua na nyingine nimezikosea. Simu ilipolia niliangusha rungu nikaipokea.

"Wamemaliza," akasema kaka. Alikuwa analia, yule mwenye kelele. "Ameamka. Ameuliza lindo iko namna gani."

"Mwambie iko sawa," nikasema. Nikalia na mimi, kwa sauti, na mbwa akaja kukaa karibu nami.

Alikaa kule wiki kadhaa. Mchana nilifundisha, jioni nilikwenda langoni, na nilipozidiwa na usingizi nilitembea mpaka kwenye mtama na kurudi. Majirani walinicheka kwanza. Baadaye wakipita jioni walianza kusema, "Salama, afande?" na sikujua tena kama ni mzaha. Darasani tulimaliza kuta, tukaingia kwenye wauguzi.

Walimrudisha jioni moja, anga bado nyekundu. Gari la kaka lilisimama barabarani. Nilikuwa nimeshaketi mahali pangu. Niliinuka nikimbie, nimkumbatie, nimkague, lakini Baba alishuka mwenyewe kwa magongo, suruali imekunjwa na kufungwa chini ya goti, akaja hatua kwa hatua mpaka mbele ya lango. Hapo akasimama. Hakuingia.

"Nini tena, Baba?" kaka akauliza, mabegi mikononi. "Ingia basi, ni kwako."

Baba alikuwa ananitazama mimi, amenyooka juu ya magongo yake, kidevu juu, anangoja. Kaka akanitazama kama aulizaye mzee ana nini. Mimi nilijua mzee ana nini. Nikaunganisha miguu, nikaweka rungu sawa.

"Simama! Nani huyo?"

"Rafiki," akasema Baba.

"Pita, rafiki."

Akapita. Akakifikia kile kiti cha kukunja, kiti alichokikalia usiku wote wa utoto wangu, akakipita bila kukigusa. Akavuka uwanja, akavua kiatu chake kimoja mlangoni, akakipanga kwenye mstari wa viatu, akaingia ndani. Kaka alipokwenda kumtazama alimkuta amelala tayari, mdomo wazi, anakoroma. Mimi nikabaki langoni, naangalia juu ya mtama.